Mawe Ndani ya Mpira wa Songea

Ninyi watatu mliobaki ghalani kwa Bwana Kasamali mmeniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa kabla yenu. Nimekubali, kwa kuwa mgongo hauniruhusu tena kulima tangu asubuhi hadi jioni, na mke wangu amechoka kunisikiliza. Sitasimulia nilivyopanda cheo. Cheo changu cha kwanza pale kilikuwa "wewe", na cha mwisho kilikuwa "wewe mzee", na kati ya hivyo viwili sikuona tofauti kubwa isipokuwa mvi zilizoniwahi. Mshahara nao mnaujua, maana ndio huo huo mnaoupata. Nitasimulia kazi yenyewe, na watu niliofanya nao.

Siku ya kwanza nilishuka kutoka Matogoro, ambako baba yangu alikuwa na mizinga ya nyuki, nikiwa nimevaa shati la kuazima. Nilikuwa nimejifunza kusoma na kuandika misheni, na nilidhani hilo litamtikisa Mhindi yeyote. Bwana Kasamali alikuwa amekaa mlangoni pa duka lake jipya karibu na boma, anapepea nzi. Nilimwamkia, nikamwambia najua kusoma.

"Vizuri," alisema. "Mpira hausomeki. Unajua kukata?"

Nikasema najua. Sikujua. Akaniita ndani na kunikabidhi kwa Mzee Issa.

Mzee Issa alikuwa Myao wa Tunduru, mtu mwembamba mwenye kofia safi kuliko kitu chochote kingine kilichokuwemo ghalani. Yeye ndiye aliyekuwa mkaguzi. Watu walipoleta nta, aliionja. Walipoleta mpira, aliukata. Nilipomwambia shikamoo, aliitikia marahaba bila kuinua macho, akaniwekea mbele donge la mpira la ukubwa wa chungwa na kisu kifupi chenye makali upande mmoja.

"Sema bismillahi, kata."

"Mimi ni Mkristo, mzee."

"Basi sema unachosema, lakini kata."

Nilikata, kisu kikagota. Ndani ya donge mlikuwa na jiwe jeusi laini, limekaa katikati kama kokwa ya embe. Mzee Issa alilitoa, akalipangusa, akalitupa kwenye pipa ambalo lilikuwa karibu kujaa mawe ya namna hiyo.

"Hiyo ndiyo kazi," alisema. "Umeshaijua yote. Yaliyobaki ni kuzoea harufu."

Yaliyobaki hayakuwa harufu tu, lakini hakuwa mtu wa maneno mengi. Ilinichukua masika mawili kujifunza alichokijua. Mpira wa kwetu, kama mnavyojua ninyi mliokuta mwisho wake, unatoka kwenye mmea wa mbungo unaotambaa juu ya miti. Mtu anauchanja, utomvu mweupe unatoka, anaupaka mkononi na maji ya chumvi au ya ukwaju ili ugande, kisha anauviringisha kama uzi hadi uwe donge. Akiwa na haraka anauviringishia kwenye kitu. Kitu hicho ndicho tulichoajiriwa kukitafuta. Mzee Issa aliliangusha donge sakafuni na kutazama linavyoruka. Lenye udongo linaruka kivivu. Lenye jiwe linaruka upande. Lililo safi linarudi mkononi kama linaitwa. Halafu alilinusa, halafu alilikata, na kabla ya kukata alikuwa hamtazami aliyelileta.

"Ukimwangalia usoni," alinieleza, "kisu kinakuwa kizito."

Kitu kilichonisumbua miezi ile ya mwanzo ni kwamba sikujua tunachokifanya ni cha nini. Nilimuuliza Mzee Issa mpira unakwenda wapi.

"Kilwa."

"Na kutoka Kilwa?"

"Unapakiwa merikebuni."

"Na merikebu inakwenda wapi?"

"Inakwenda," alisema, na hapo maarifa yake yalikoma.

Nikamuuliza Bwana Kasamali. Yeye alimjua binamu yake wa Kilwa. Binamu alimjua Mjerumani mmoja wa Dar es Salaam, na Mjerumani huyo alikuwa anaandikiana barua na nyumba fulani ya biashara huko Hamburg. Kila mmoja alimjua wa mbele yake tu, kama vipofu walioshikana mabega, na wote walitembea kwa kujiamini sana. Ghalani kwetu palikuwa na maoni mbalimbali. Wapagazi walisema mpira ni dawa ya tumbo. Mpishi wa duka alishikilia kwamba Wajerumani wanautafuna, na kwamba ndiyo maana taya zao ziko vile.

Jibu lilifika limebebwa kichwani na wapagazi. Bwana mkubwa wa boma, ambaye sisi tulimwita Bwana Kesho kwa kuwa kila alichoagiza alitaka kiwe kimekwisha kesho, alikuwa ameagiza baiskeli kutoka kwao. Ilitembea kutoka pwani mwezi mzima na zaidi bila gurudumu lake hata moja kugusa ardhi, imebebwa na watu wanne kwa zamu, kwa sababu njia ya Kilwa haikuwa na mahali pa kupanda baiskeli. Ilipofika, Bwana Kesho aliipanda kuzunguka boma, na tulitoka sote kutazama. Alizunguka mara nyingi, maana hapakuwa na kwingine pa kwenda.

Alipoteremka na kuiegemeza ukutani, Mzee Issa alisogea, akainama, akanusa gurudumu. Askari wa zamu alimfokea. Mzee Issa aliinuka taratibu.

"Filipo," aliniambia, "hii ni yetu."

Nami nikanusa. Chini ya harufu ya vumbi na dawa nisizozijua palikuwa na ile harufu chachu ya ghalani. Sijui niseme nilijisikiaje. Nilikuwa nimekata madonge kwa masika mawili, na siku hiyo ndipo nilipoona kilichotokea upande wa pili. Nilijisikia mkubwa kidogo. Hilo halikudumu.

Wiki ile ile gurudumu lilitobolewa na mwiba wa mkakaya. Bwana Kesho alituma askari ghalani kwetu, ambako mpira ulikuwa umerundikwa hadi darini, kuuliza kama tunao mpira. Bwana Kasamali alisema upo mwingi. Askari akarudi na Bwana Kesho mwenyewe, akiwa na gurudumu mkononi. Alitazama lile rundo kwa muda mrefu. Alichukua donge moja, akalibana juu ya tundu, akatazama, akaliondoa.

"Huu si mpira," alisema.

"Ni mpira, Bwana," Bwana Kasamali alisema kwa unyenyekevu. "Bado haujakwenda Ulaya tu."

Gurudumu jipya liliagizwa Hamburg. Baiskeli ilisubiri ukutani mvua zote, na kuku wa mpishi wa boma wakaizoea.

Hayo yalikuwa kabla ya vita. Watu walioleta mpira siku zile walikuwa wanaume zaidi, wanakuja na madonge yaliyotungwa kwenye kamba, wanabishana na Mzee Issa, wanachukua nguo na chumvi, na sehemu kubwa wanaipeleka boma kulipa kodi. Mnaokumbuka mtasema walionekana wameridhika. Walionekana hivyo kwa sababu walikuwa wanakuja mchana, na mchana askari walikuwepo.

Vita vya maji vilipofika kwetu, ghala liliwekwa moto. Bwana Kasamali alikimbilia ndani ya boma na familia yake. Mimi nilikimbilia Matogoro kwa mama. Kaka yangu mkubwa alikuwa amekunywa dawa ile pamoja na wenzake, akaniambia nami ninywe, na risasi zitageuka maji. Nilisita. Alinitazama kama unavyomtazama mtu anayenusa chakula cha mwenyeji, akaenda. Hakurudi. Kutoka mlimani nilimwona yeye na kundi lake wakishuka, na baadaye nikaona moshi wa ghala letu. Moshi wa mpira si kama wa nyasi. Ni mzito na mweusi, unakwenda juu kama nguzo, na harufu yake ilikaa bondeni siku nyingi. Ilikuwa kazi yangu ya masika yote yale inaungua, na sikuilia, maana nilikuwa namlilia mwingine.

Waliotundikwa bomani mnajua ni nani, kwa kuwa baadhi yenu mmetoka kwenye nyumba zao. Mashamba na maghala ya chakula yaliyochomwa mliyaona. Njaa iliyofuata nayo mliionja. Mzee Issa alikwenda Tunduru kutafuta wanawe. Mpagazi mmoja alituambia baadaye kwamba alimkuta njiani amekaa chini ya mti, kofia yake safi, na kwamba alipomwamkia hakuitikia. Sina mzaha wa kuweka hapo.

Bwana Kesho, yeye, alikuwa na haraka. Alisema nchi imepumzika vya kutosha, sasa izalishe. Bwana Kasamali alijenga upya, akanirudisha kazini, na kwa kuwa sasa hapakuwa na mwingine, nikawa mkaguzi. Walioleta mpira walikuwa wanawake, maana wanaume walikuwa wamekufa, au wamejificha, au wako kwenye minyororo wakitengeneza barabara na kumwaga kokoto kwenye uwanja wa boma. Mibungo ya karibu ilikuwa imekatwa yote. Walikwenda mbali, wakirudi na madonge machache.

Ndipo ikatoka amri mpya, na mimi nilikuwa sehemu yake. Boma lilisema mpira wa Songea umekuwa na sifa mbaya huko nje, na kwamba watu wake wafundishwe usafi. Kila atakayekutwa na jiwe ndani ya donge apelekwe kwenye mnyororo, na kama ni mwanamke, apelekwe ndugu yake wa kiume, na kama hana, kijiji kimtoe mmoja. Mkaguzi alitakiwa aite askari aliyekaa mlangoni. Askari aliwekewa kiti.

Niliita mara ya kwanza, kwa sababu jiwe lilianguka lenyewe mezani na askari aliliona. Walimchukua mzee mmoja, baba mkwe wa yule mwanamke, mtu ambaye alishindwa hata kubeba mnyororo wenyewe. Siku chache baadaye nilisikia amefia kwenye kokoto.

Juma lililofuata akaja mama Kapinga. Baadhi yenu mnamjua. Kijiji chake kilikuwa ng'ambo ya mto Luhira, mume amekufa vitani, na kati ya watoto waliobaki mmoja tu alikuwa mwanamume, ndiye aliyekuwa akimlimia. Aliweka madonge yake mezani, mimi nikachukua la kwanza, nikaliangusha. Liliruka upande.

Nilikuwa nimesahau kutomwangalia. Alikuwa ananitazama moja kwa moja, wala hakuwa anaomba. Nadhani alikuwa anahesabu siku ambazo shamba lingebaki bila mtu.

"Mau," nilimwambia, ambavyo ndivyo tunavyomwita mama kwa Kingoni, "umetoka mbali?"

"Siku tatu msituni, mwanangu. Karibu hakuna kitu. Nimekwangua mpaka mizizi."

Askari alikuwa anatazama. Nililiweka donge ubaoni na kukata. Mkono unajua mambo ambayo mtu mwenyewe hajayajua. Nilipoteremsha kisu nilikigeuza kidogo, kikapita kando ya jiwe, nusu zikafunguka zikiwa nyeupe, safi, na jiwe limebaki limejificha nyuma ya ngozi nyembamba kama ya kitunguu.

"Safi," nilimwambia askari.

"Safi," alisema askari, akarudi kulala.

Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya pale, na ningependa muipe heshima yake. Kulikuta jiwe mtu yeyote anaweza. Kulikosa, mbele ya mtu anayetazama, kila siku, donge baada ya donge, kunataka jicho na kifundo cha mkono. Unasikiliza donge linavyoanguka, unapima jiwe limelalia upande gani, unaingiza kisu upande wa pili. Nilikuwa stadi hadi Bwana Kasamali akaanza kusifiwa na binamu yake wa Kilwa kwamba mpira wa Songea sasa hauna jiwe hata moja. Bwana Kasamali alinipa kilemba kipya. Alikuwa mtu mwenye akili, na sidhani kama alidanganyika. Lakini mpira ulikuwa mzito, na uzito haukumdhuru.

Hayo yaliendelea mpaka likafika sanduku.

Lilikuwa sanduku dogo la mbao, lilibebwa na mpagazi kichwani kutoka Kilwa, na kabla ya hapo lilikuwa limesafiri merikebuni kutoka Hamburg. Ndani mlikuwa na mawe. Kila jiwe lilikuwa limefungwa kwa karatasi yake nyeupe, kama yai. Kati ya vitu vyote ambavyo Songea imewahi kuipelekea Ulaya, hivyo tu ndivyo vilivyorudishwa kama vilivyokwenda.

Bwana Kesho aliniita bomani pamoja na Bwana Kasamali. Njiani Bwana Kasamali alininong'oneza, "Filipo, wewe hujui kitu. Mimi pia sijui kitu. Tukiwa wawili tusiojua, wataona ni kweli."

Bwana Kesho alitusomea barua kwa Kiswahili. Kiwandani huko kuna mashine inayosaga mpira, na meno yake yalikuwa yamevunjika kwa mawe yetu.

"Mashine ilisimama," alisema. "Nusu ya siku. Mnajua maana yake, mashine kusimama?"

"Hatujui, Bwana," nilisema, na huo ulikuwa ukweli.

"Watu walikaa bure. Watu wengi. Hawana kazi, wamekaa tu."

Niliwafikiria watu hao. Sikuwa nimewahi kuwafikiria. Huko mwisho wa safari walikuwepo watu wenye mikono kama yetu, na mama Kapinga, bila kuwajua, aliwapa nusu siku ya kupumzika. Katika biashara yote ile, sikumbuki zawadi nyingine iliyopita kutoka kwetu kwenda kwao.

"Nataka kijiji," Bwana Kesho alisema. "Nani ametia mawe haya? Kijiji gani?"

Bwana Kasamali alisema hajui. Nami nikasema sijui. Kwa kuwa tulikuwa wawili, hakuamini hata kidogo.

Alikuwa na mbinu yake. Aliagiza kila jumbe alete jiwe la kijijini kwake, kesho. Kwa siku kadhaa boma lilipokea mawe kwa uangalifu ambao halikuwahi kuupa mpira wetu. Yalipangwa barazani kwa mistari, kila moja na jina la kijiji chini yake, na karani akiyapangusa vumbi. Majumbe wajanja walileta mawe mazuri, wakidhani ni mashindano. Kisha Bwana Kesho akatoa yale ya Hamburg, akaniambia kwa kuwa mimi ndiye ninayejua mawe, nilinganishe nimwonyeshe yanayofanana.

Hapo sikuwa na mahali pa kugeuzia kisu. Majumbe wote walikuwa wamesimama pembeni, na yule wa ng'ambo ya Luhira alikuwa amelikazia macho jiwe lake. Kijiji ambacho kingetajwa kingepoteza wanaume wake waliosalia, na tulishaona kinachofuata kijiji kisipokuwa na wa kulima. Nilitembea kwenye ile mistari nikiwa na jiwe la Hamburg mkononi. Lilikuwa jeusi, laini, la mtoni. Nililijua. Lilikuwa la Luhira, na jiwe la jumbe yule lilikuwa mwenzake kabisa.

Nilifika mwisho wa baraza nikasimama. Mbele yangu ulikuwa uwanja wa boma, na wafungwa kwenye mnyororo walikuwa wanamwaga kokoto.

"Bwana," nilisema, "limefanana na la hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa bomani. Kokoto za uwanjani zinatoka Luhira. Mawe haya yametoka mahali pamoja na kokoto za boma."

Bwana Kesho alishuka barazani. Alikuwa mtu wa utaratibu, na hilo namsifu. Aliinama mwenyewe, akaokota kokoto, akaishika pamoja na jiwe la Hamburg, akavitazama kwenye jua, akavigeuza. Mnyororo ulikuwa umesimama, wafungwa nao wanatazama.

Nadhani aliiona barua ambayo angelazimika kuiandika. Kwamba mawe yaliyosimamisha mashine ya Hamburg yamelinganishwa kwa uangalifu, na kwamba yamefanana na yaliyoko mbele ya ofisi ya serikali ya Songea. Aliirudisha kokoto mahali pake, taratibu kabisa, kama mtu aliyeokota kitu cha mwenzake.

"Mawe haya," alimwambia karani, "si ya wilaya hii. Andika. Yametiwa kwenye mpira huko baharini, merikebuni."

Karani aliandika. Majumbe waliambiwa wachukue mawe yao waende nayo.

Mimi nilipigwa viboko hamsa ishirini siku iyo hiyo. Haikuwa kwa ajili ya mawe, maana mawe kwa sasa yalikuwa yametiwa baharini na hayakunihusu. Niliambiwa ni kwa kusema jambo ambalo sikuulizwa. Nilipojaribu kueleza kwamba niliulizwa, askari aliniambia nisiongeze.

Mama Kapinga alikuja nyumbani kwangu kesho yake na majani ya kukanda mgongo na kibuyu cha uji. Alinikanda kwanza, akaninywesha uji.

"Jumbe ametueleza," alisema baadaye. "Mwanangu, lile donge la kwanza, ulijua?"

"Nilijua."

"Nilidhani nimelificha jiwe vizuri."

"Hukuficha vizuri, mau. Liliruka upande."

Alicheka, na mimi nikacheka, na kucheka kuliniuma mgongo kuliko kiboko.

Alikuwa mwanamke wa kiburi. Tangu siku ile hakuleta tena donge lenye jiwe, na aliwakataza wenzake. Aligundua bonde moja mbali kuelekea Tunduru ambalo mibungo yake haikuguswa wakati wa vita. Walichanja kwa zamu, wakauacha mmea upone, wakarudi. Kila walipokuja, nilikata katikati kabisa, na kisu kilipita kama kwenye siagi. Mpira ule ulikuwa mzuri kiasi kwamba nilikuwa naunusa kwa raha yangu tu. Wanaume wachache walirudi kutoka mafichoni. Baiskeli ya Bwana Kesho ilipata gurudumu. Nilianza kufikiri kwamba tumeielewa biashara hii, na yenyewe imetuelewa.

Kisha asubuhi moja nikamkuta Bwana Kasamali amekaa mlangoni na barua mkononi. Hakuwa anapepea nzi.

"Hawataki," alisema.

"Mpira una jiwe?"

"Hauna kasoro. Hawataki tu. Mbali huko mashariki, upande wa kwetu Uhindini na kupita, Wazungu walipanda miti ya mpira zamani. Msitu mzima, kwa mistari. Sasa imekua. Mpira wake ni rahisi, ni mwingi." Aliikunja barua. "Binamu anasema tusipeleke hata donge moja. Hatalipia hata wapagazi."

Nilijaribu kuielewa miti hiyo. Ilikuwa inakua tangu siku zile nilizokuwa najifunza kuangusha madonge sakafuni. Ilikuwa inakua wakati wa vita, na wakati wa njaa, na wakati nikigeuza kisu. Hakuna aliyetuambia. Na hata tungeambiwa, sijui tungefanya nini.

Wakati bado tumekaa pale, mama Kapinga akatokea njiani na wenzake, wamebeba mikoba. Siku hiyo walikuwa wameleta mzigo mkubwa kuliko wowote. Niliukata wote, donge moja moja, ingawa haikuwa na maana. Nilitaka aone kwamba umekatwa. Kisha nikamweleza.

Alisikiliza hadi mwisho.

"Hao waliopanda miti," aliuliza, "tuliwakosea nini?"

"Hawatujui, mau."

"Na kodi ya boma?"

"Kodi ipo pale pale."

Alitikisa kichwa, akakusanya madonge yaliyokatwa na kuyarudisha kwenye mikoba. Baadaye nilisikia kijijini kwake wameyatumia kufunga vichwa vya vijiti vya kupigia ngoma, na kwamba ngoma ya mavuno ya mwaka ule ilisikika mpaka Matogoro. Hayo ndiyo matumizi pekee ya mpira wa Songea niliyoyasikia kwa masikio yangu.

Ghala lilikaa tupu miezi michache. Kisha akaja Mzungu kutoka mashamba ya mkonge ya Tanga, akapatana na Bwana Kasamali siku moja tu. Kodi ilikuwa palepale, mpira haupo, kwa hiyo wanaume walikuwa tayari kwenda. Ghala likafagiliwa. Meza yangu ya kukatia ikasogezwa karibu na mlango penye mwanga.

Bwana Kasamali alinieleza kazi mpya bila kunitazama. "Ni ile ile, Filipo. Wanakuja, unawakagua, walio wazuri wanakwenda pwani. Meno, mikono, kifua. Mzungu hataki wagonjwa. Wewe una jicho."

Nilisimama nyuma ya meza. Nje palikuwa na mstari mrefu kuliko mistari yote ya mpira niliyowahi kuiona. Wa kwanza aliingia kijana mrefu wa upande wa Luhira, mabega mapana, nguo safi ya kusafiria. Alikuja mpaka mezani, akasimama karibu kabisa, na kabla sijafungua mdomo wangu, yeye akafungua wa kwake, akainua kichwa kuelekea kwenye mwanga ili nione vizuri.

"Funga, mlongo wangu," nilimwambia, yaani ndugu yangu. "Unaitwa nani?"

Aliniambia jina lake. Nikampa mkono, nikazunguka meza, nikatoka kwa mlango ule ule alioingilia.